Baridi, giza na utelezi: kisa cha mwanafunzi wa Pemba asiyeipenda theluji

Kisa hiki kinamhusu mwalimu kijana wa kike kutoka kaskazini mwa Pemba aliyepata ufadhili wa kusoma shahada ya pili nchini Finland. Alikaa huko majira mawili ya baridi, na tangu theluji ya kwanza ilipoanguka mbele yake hadi siku aliyopanda ndege ya kurudi nyumbani hakuipenda hata kidogo. Tunakiandika kwa ajili ya wazee, walimu na washauri wanaowaandaa vijana wa Visiwani kwenda kusoma au kufanya kazi katika nchi za baridi, kwa sababu mafanikio ya kisa hiki hayakutokana na kumfanya mhusika aipende theluji. Jina la Riziki tulilompa si lake. Mji, chuo, fani na baadhi ya mambo ya familia tumeyaacha au kuyabadilisha, naye ameridhia kisa chake kielezwe kwa namna hii.

## Usuli

Riziki alikuwa na umri wa miaka 27 na alikuwa akisomesha sayansi katika skuli ya sekondari. Baba yake ni mkulima wa karafuu, mama yake ni mshoni, na kaka yake mkubwa anafanya kazi Muscat. Mbali kabisa alikopata kuishi ni Unguja, miaka ya shahada ya kwanza. Baridi aliyoijua ni ile ya kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ambapo usiku joto hushuka hadi kama nyuzi 20 au 21, watu wakatafuta mashuka mazito na mafuta ya nazi yakaamka asubuhi yamefanya ukungu ndani ya chupa.

Mji aliopelekwa uko karibu na nyuzi 65 kaskazini mwa ikweta. Pemba iko nyuzi 5 kusini, na kwa hiyo kwetu siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote za mwaka zinapishana kwa kama nusu saa tu. Huko alikokwenda, wiki ya tatu ya Disemba jua huchomoza karibu saa nne na nusu za asubuhi na kuzama karibu saa nane za mchana, tena halipandi juu: hukaa chini kabisa upande wa kusini, likazibwa na majengo na miti. Wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri, na katika msimu hazikosi siku za nyuzi 25 chini ya sifuri. Theluji hutulia ardhini kuanzia katikati ya Novemba na hudumu hadi mwishoni mwa Aprili. Hakuna siri katika haya. Riziki mwenyewe alikuwa akiwasomesha wanafunzi wake namna mhimili wa dunia ulivyoinama na jinsi mwinamo huo unavyoleta majira, ila kuliandika jambo ubaoni na kuishi ndani yake ni mambo mawili.

Maandalizi ya familia yalikuwa ya upendo na ya gharama, na takriban yote yalihusu nguo. Kaka alituma kutoka Muscat jaketi nene lenye kofia. Mama alishona fulana za ndani za pamba nzito. Sweta mbili na buti za ngozi zenye soli laini zilipatikana kwenye mitumba ya Darajani, na buti zilichaguliwa kwa kumkaa sawasawa mguuni, kama mtu anavyochagua viatu vya Idi. Kuhusu saa za mwanga hapakuwa na aliyeuliza.

## Yaliyotokea

Aliwasili Agosti, wakati ambapo jua la huko bado huchelewa kuzama na watu wanakaa nje mpaka usiku. Barua zake za sauti za miezi miwili ya mwanzo zilikuwa za furaha tupu. Oktoba majani yalipukutika, mvua za baridi zikaanza, na siku zikawa zinafupika kwa kasi ambayo mtu wa kwetu hawezi kuizoea kwa kuwa hajapata kuiona.

Theluji ya kwanza ilianguka mwanzoni mwa Novemba, ikayeyuka, ikaanguka tena na safari hii ikabaki. Nyumbani habari hiyo ilipokewa kwa shangwe. Katika kundi la WhatsApp la familia kila aliyeamka alimwomba picha: ami alitaka amwone ameishika mkononi, watoto wa dada walitaka atengeneze mtu wa theluji, na majirani wakawa wanaomba kupitia kwa mama. Riziki alipiga picha, akatabasamu, akatuma. Kwetu ilikuwa kaskazi imeshaanza kunukia, watu wanalala milango wazi kwa joto, na baridi ya mwenzao waliiona kama neema.

Kilichomkera kwanza hakikuwa baridi kwa ukubwa wake, bali upindo wa buibui. Lilikuwa buibui la kawaida, jeusi, refu hadi chini. Kila alipotoka, upindo ulizoa theluji, ndani ya basi lenye joto theluji ikayeyuka na kitambaa kikanywa maji mpaka karibu na magoti, na aliposhuka kituoni maji yale yakaganda. Akifika darasani upindo umekakamaa, unagongana na buti kila anapopiga hatua, na baada ya nusu saa unaanza kuchuruzika sakafuni chini ya kiti chake mbele ya wenzake. Alituambia kwamba fedheha ya kile kidimbwi cha maji ilimwondolea hamu ya kwenda chuoni kuliko kipimajoto chochote.

Miguu nayo haikupata raha. Buti zilizomkaa sawasawa zilipojazwa soksi mbili zilibana, na mguu uliobanwa haupati hewa ya kuushika joto wala damu haipiti vizuri. Fulana za pamba za mama zilikuwa nene, lakini pamba hunywa jasho na hushindwa kulikausha, kwa hiyo akitembea kwa haraka alilowa kwa ndani na akisimama alitetemeka. Juu ya hayo kulikuwa na udhu: kuosha miguu katika choo cha chuo, kuivalisha soksi ikiwa bado na unyevu, kisha kutoka nje. Disemba, adhuhuri, alasiri na magharibi zote huangukia katika muda wa kama saa mbili, na kazi ile alikuwa akiifanya katikati ya vipindi kwa pupa.

Mwanzoni mwa Disemba alianguka. Siku hiyo hapakuwa na baridi kali, joto lilikuwa limepanda hadi kukaribia sifuri, theluji ya juu ikayeyuka kidogo na kuacha barafu laini chini ya utando mwembamba wa maji. Alikuwa amevaa zile buti za soli laini, mikono imo mfukoni. Mguu wa mbele ulimtoka, akajikinga kwa mkono wa kulia, na kifundo cha mkono kikateguka. Alifungwa bendeji na kuambiwa asiutumie mkono huo kwa wiki kadhaa.

Baada ya hapo alijifungia. Mihadhara iliyorekodiwa aliisikilizia kitandani, chakula aliagiza, darsa ya wanawake ya siku ya Jumamosi aliiacha kwa udhuru wa mkono, na mkono ulipopona aliiacha kwa udhuru mwingine. Alikuwa akilala mchana na kuamka usiku, kwa hiyo zile saa tatu na nusu za mwanga zilimpita pazia limefungwa. Chuo, kwa nia njema, kilikuwa na mpango wa kuwasaidia wanafunzi wageni waizoee baridi, na Januari walimshawishi aende nao kuteleza kwa mbao za theluji. Alikwenda kwa kuona haya kukataa, akaanguka mara nyingi mbele ya watu wanaocheka bila ubaya, akarudi chumbani na hakutoka kwa siku nyingi. Mtihani mmoja wa muhula hakuupita.

Nyumbani hakusema kitu. Kila alipopigiwa alijibu, "Alhamdulillah, nipo." Aliyemgundua ni dada yake, ambaye kwa kuwa ana mtoto mchanga huwa macho usiku, akaona kwamba Riziki naye yuko hewani kwenye simu saa tisa za usiku, siku baada ya siku. Tofauti ya saa kati ya Finland na Zanzibar wakati wa baridi ni saa moja tu, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kusingizia majira. Dada alimbana, Riziki akalia, akasema anataka kurudi. Ndipo familia ilipotujia sisi tunaoandika kisa hiki, kutaka ushauri.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu kurudi. Baba alikuwa tayari kumrejesha. Mama alihofia maneno ya watu. Kaka alitaka avumilie kwa kuwa ufadhili ni amana. Tulishauri jambo lile lisiamuliwe Januari hata kidogo, si la kurudi wala la kubaki, liwekwe mpaka mwisho wa Machi. Sababu yake ni ya kimaumbile. Katika latitudo ile, baada ya Disemba mchana hurefuka kwa wastani wa karibu dakika 40 kila wiki, na ikifika wiki ya tatu ya Machi usiku na mchana huwa sawa, kama kwetu. Mtu aliyekaa gizani asiamue mambo ya miaka miwili akiwa bado gizani. Baba alilikubali hili haraka kuliko wengine. Mkulima anajua kungoja msimu.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumtafutia mtu wa kumwelewa, na hakuwa daktari wala mshauri wa chuo. Kupitia jamaa alipatikana bibi mmoja wa Kizanzibari aliyeishi katika nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 20 na kulea watoto huko. Riziki alitusimulia mazungumzo yao ya kwanza ya simu:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa huipendi theluji."

"Siipendi, bibi. Naichukia."

"Basi tuko wawili. Mimi mpaka leo siipendi, wala sijapata kuingojea kwa furaha hata mwaka mmoja. Lakini maziwa yakisha ndani nayafuata. Sasa niambie, unapotoka nje, unaanza kuumia wapi?"

Swali lile la mwisho ndilo lililofungua njia. Kwa wiki mbili Riziki aliandika kila alipotoka, au kila alipoghairi kutoka, ni kitu gani hasa kilichomzuia. Daftari lilionesha kwamba lawama zote alizokuwa akiitupia theluji zilitokana na vitu vitatu vinavyokuja pamoja lakini vyenye dawa mbalimbali: baridi, giza na utelezi. Baridi, ambayo familia ilitumia fedha nyingi kuikinga, ilikuwa ya mwisho kwa uzito. Giza na hofu ya kuanguka ndizo zilizomfungia mlango.

Kwa upande wa utelezi kulikuwa na jambo ambalo lilimshangaza hata yeye mwalimu wa sayansi. Alikuwa akitoka siku za nyuzi sifuri, akidhani ni nafuu, na kujificha siku za nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukweli ni kinyume. Barafu ni hatari zaidi ikiwa karibu na kuyeyuka, kwa kuwa juu yake kuna maji. Baridi ikizidi, theluji hukauka, hulia chini ya kiatu na kuushika mguu. Tena siku za baridi kali mara nyingi ndizo zenye mbingu safi na jua. Chumvi inayomwagwa barabarani nayo hupungua nguvu baridi ikipita nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, na ndiyo maana njia za miguu huko hutupiwa kokoto ndogo ambazo hufagiliwa majira ya kuchipua. Bibi alimwambia anunue vyuma vyenye misumari midogo vinavyovalishwa chini ya buti kwa mpira, vitu ambavyo wazee wa huko huvivaa bila haya na vijana huviona vya kizee, na akamfundisha kutembea upya: hatua fupi, uzito juu ya mguu wa mbele, mikono nje ya mfuko.

Nguo zilipangwa upya kwa gharama ndogo. Buti zilinunuliwa kubwa kwa namba moja na nusu, zenye soli nene yenye meno. Fulana za ndani zikawa za sufu, na zile za mama zikafanywa za kulalia. Glavu za vidole zilibadilishwa na zile zinazokusanya vidole vinne pamoja, kwa kuwa vidole vilivyo pamoja hupeana joto. Kuhusu buibui majadiliano yalikuwa marefu kidogo, maana mama alihofia kwamba baridi imekuwa kisingizio. Mwisho mama mwenyewe ndiye aliyeshona suluhisho: sketi nzito inayoishia juu kidogo ya kifundo cha mguu, ndani yake suruali ya sufu, na juu koti refu pana linalofika chini ya magoti. Stara ilibaki kamili na hakuna kilichoburura theluji. Koti lilitundikwa riflekta, yaani vipande vinavyorudisha mwanga wa taa za gari, pande zote mbili, kwa kuwa sheria ya barabara ya Finland inawataka waendao kwa miguu wavae riflekta wakiwa gizani, na mtu aliyevaa nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni dereva humwona amechelewa.

Suala la udhu alilipeleka kwa sheikh wake wa Pemba kwa simu. Jibu lilikuwa jepesi na lilikuwamo kwenye vitabu vya fiqhi alivyovisoma madrasa: avae khuffu, yaani soksi za ngozi zinazofunika vifundo, na mkaazi anaruhusiwa kupangusa juu yake kwa mchana na usiku mmoja, maadamu amezivaa akiwa na udhu kamili. Mlango huu watoto wetu huusoma na kuusahau, kwa sababu katika hali ya hewa ya Wete au Chake hakuna anayeuhitaji. Miguu yake haikulowa tena chuoni.

Giza ndilo lililohitaji nidhamu. Ratiba iliwekwa kwa kuanzia na mwanga na masomo yakapangwa kuuzunguka: kila siku, kati ya saa tano na saa saba za mchana, awe nje kwa muda usiopungua nusu saa, hata kama ni kuzunguka jengo. Shughuli za dukani na posta alizikusanya katika muda huo huo. Kujisomea kulihamia maktaba, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, na chumba kikawa cha kulala tu. Alikwenda kituo cha afya cha wanafunzi, ambako hakuambiwa ana maradhi makubwa, bali dalili zake zilifanana na huzuni ya msimu, hali iliyoelezwa kitaalamu na daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake mwaka 1984. Alishauriwa kutumia taa ya mwanga mkali ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) kwa nusu saa kila asubuhi. Taa za kawaida za ndani hutoa laksi mia chache tu. Watu wa huko hawaoni ajabu jambo hili. Upande wa pili wa Ghuba ya Bothnia, mjini Umeå nchini Sweden, mwaka 2012 kampuni ya umeme ya mji iliweka taa za namna hiyo katika vituo vya basi ili abiria wapate mwanga wakisubiri.

Kipimo cha damu kilionesha vitamini D iko chini. Katika latitudo ile, kuanzia Oktoba hadi Machi jua huwa chini mno kuiwezesha ngozi kuitengeneza, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi hata wakati wa kiangazi. Finland huongeza vitamini hiyo katika maziwa ya dukani, lakini Riziki hunywa chai ya rangi. Alipewa vidonge kwa kipimo cha daktari.

La mwisho lilikuwa la familia. Dada aliomba katika kundi kwamba picha za theluji zisidaiwe tena. Simu ya nyumbani iliwekewa wakati maalumu baada ya magharibi ya Pemba, na mama aliacha kuuliza "Kuna baridi?" akawa anauliza "Leo umetoka saa ngapi?"

## Matokeo

Ilipofika mwisho wa Machi, Riziki mwenyewe ndiye aliyesema atabaki, na kikao cha kuamua hakikuhitajika. Mtihani alioanguka aliurudia mwezi wa Mei akapita. Darsa ya Jumamosi alirejea, ingawa si kila wiki.

Majira ya pili ya baridi hayakuwa mteremko. Novemba, kabla theluji haijatulia, alizama tena kwa muda: usingizi ulimharibikia, na siku kadhaa hakwenda maktaba. Safari hii alimpigia bibi mapema, na katika mazungumzo hayo waligundua kitu ambacho Riziki alikikubali kwa shingo upande. Wiki mbaya kuliko zote kwake zilikuwa zile zisizo na theluji. Ardhi tupu iliyolowa huumeza mwanga kidogo uliopo, ilhali theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia, na usiku taa za barabarani zikiipiga mji mzima huwa na weupe. Hakuipenda kwa sababu hiyo. Alisema tu kwamba ameacha kuisingizia giza.

Aliteleza mara moja, hakuumia. Mwaliko wa kuteleza kwa mbao ulipokuja tena aliukataa kwa adabu bila kujieleza. Alimaliza masomo kwa wakati, akarudi, na sasa anasomesha Pemba. Akiulizwa na wanafunzi kama theluji ni nzuri, hujibu kuwa kwenye picha ni nzuri.

## Uchambuzi

Lililofanya kazi zaidi, kwa maoni yetu, ni ruhusa ya kuendelea kutoipenda. Kwa miezi mitatu ya mwanzo ya baridi kila aliyemzunguka, huku na kule, alimtaka afurahi: familia kwa kudai picha, chuo kwa kumpeleka michezoni, wenzake kwa kumwambia atazoea. Kila alipojaribu na kushindwa alijiona ana kasoro, na kasoro ile ndiyo aliyoificha kwa "Alhamdulillah, nipo." Bibi alipomwambia kwamba naye haipendi, lile la kuipenda likaondoka mezani, na nguvu zote zikaelekezwa kwenye mambo yanayotengenezeka kwa buti, sindano ya mama na saa ya ukutani. Mpango wa chuo haukuwa mbaya kwa wote. Unawafaa wanaoogopa kitu wasichokijua. Riziki alikuwa akiijua theluji vya kutosha.

Kutenganisha baridi, giza na utelezi kulifanya kazi kwa sababu kulirudisha matatizo kwenye ukubwa wake. Hapa ndipo maandalizi ya kwetu yanapopungukiwa kwa ujumla: tunamvisha msafiri, hatumpangii siku. Jaketi la Muscat lilikuwa zuri na lilimsitiri miaka miwili, lakini hakuna jaketi linalorefusha mchana.

Taa ya mwanga mkali hatuwezi kuisifu wala kuilaumu kwa kisa hiki kimoja. Aliianza pamoja na matembezi, vidonge na mabadiliko ya usingizi, na majira ya pili aliiacha baada ya wiki chache kwa kuona inamchosha macho. Matembezi ya mchana hakuyaacha. Tunaelekea kuamini kwamba hayo ndiyo yaliyobeba mzigo, lakini mtu mwenye dalili nzito asiache taa wala daktari kwa kusoma kisa cha mwenzake.

Kilichoshindwa na kikaendelea kushindwa ni mawasiliano ya mwanzo wa tatizo. Novemba ya pili alipiga simu kwa sababu alikuwa na mtu wa kumpigia. Disemba ya kwanza hakuwa naye, na familia yenye upendo ilikuwa mbali mno na hali halisi kiasi kwamba kuiambia kungeonekana kukosa shukurani. Kumtafutia msafiri mtu wa nyumbani aliyeko huko, kabla hajaondoka, ni kazi ya simu mbili tatu. Kwa Wazanzibari, waliotawanyika kutoka Copenhagen hadi Toronto, ni nadra mtu huyo kukosekana.

Si kila kilichomfaa Riziki kitamfaa mwingine, na tofauti kubwa iko kwenye latitudo. Vijana wetu wengi huenda Uturuki na China. Erzurum, mashariki mwa Uturuki, iko juu milimani kwa karibu mita 1,900 na ina theluji nyingi na baridi ya kweli, lakini iko karibu nyuzi 40 kaskazini, na Disemba urefu wa mchana wake huzidi saa tisa. Harbin, kaskazini mashariki mwa China, ina Januari yenye baridi kuliko mji aliokaa Riziki, na bado ina mwanga zaidi ya mara mbili ya ule. Anayekwenda huko aweke fedha zake kwenye buti, sufu na vyuma vya kukanyagia, na giza halitamsumbua sana. Anayekwenda London atakuta theluji ni ya siku chache kwa mwaka, na shida yake itakuwa mvua, mawingu na jua linalozama kabla ya saa kumi za jioni mwezi wa Disemba. Anayekwenda kufanya kazi ya uuguzi kwa zamu za usiku, hata kama ni mji ule ule wa Riziki, ratiba ya saa tano hadi saa saba mchana haitamsaidia, kwa kuwa huo ndio wakati wake wa kulala; huyo anahitaji kuzungumza na mwajiri kuhusu mpangilio wa zamu za Novemba hadi Februari kabla hajatia saini mkataba.